Vidole Vidogo Ndani ya Utumbo: Usimnyime Maji Mtoto Anayeharisha

Chukua kioo. Toa ulimi nje uutazame. Utaona kuwa si laini kama ganda la yai. Una vinundu vidogo vingi. Ndani ya baadhi ya vinundu hivyo zimo chembe hai za kuonjea. Ni ndogo mno, macho hayazioni. Huonekana kwa hadubini, yaani chombo cha kukuzia vitu vidogo. Zimekaa kwa mafungu, na kila fungu lina chembe 50 hadi 100. Chembe hizo hazikai sana. Baada ya siku 10 hivi hufa, na mpya huzaliwa. Ndiyo sababu ukiungua ulimi kwa chai ya moto, baada ya siku kadhaa unaonja tena chumvi ya mboga.

Ulimi ni mwanzo wa njia ndefu ya chakula. Chakula kikitoka mdomoni hupita kwenye umio, huingia tumboni, kisha utumbo mwembamba, kisha utumbo mpana, mpaka kwenye haja kubwa. Ulimi tunauona. Sehemu nyingine hatuzioni, kwa hiyo tunazikisia, na wakati mwingine tunakisia vibaya.

Leo tuutazame utumbo mwembamba. Kwa mtu mzima urefu wake ni kama mita 6. Je, umewahi kuosha matumbo ya mbuzi? Ipo sehemu inayoitwa taulo, kwa sababu ina manyoyamanyoya. Ile ni sehemu ya tumbo la mbuzi, siyo utumbo mwembamba, lakini itakupa picha. Utumbo wetu mwembamba nao una manyoya yake kwa ndani, ila ni madogo zaidi. Yamesimama kama vidole vingi mno, na kila kidole hakifiki urefu wa milimita 1, au kinafika kwa shida. Ndani ya kila kidole mna mishipa midogo ya damu. Vidole hivyo ndivyo vinavyofyonza ugali, maharage na maji na kuviingiza mwilini. Ngozi yote ya njia hii ya chakula ikitandazwa, pamoja na mikunjo na vidole vyake, yaweza kufunika sakafu ya chumba cha mita 6 kwa mita 5. Na yote imo ndani ya tumbo lako!

Sasa nieleze kwa nini nimeandika habari hii. Bibi mmoja alimleta mjukuu wake zahanati. Mtoto alikuwa anaharisha kwa siku mbili, na tangu jana yake hakupewa maji. Nilimwamkia bibi, nikamwomba tuanze kumnywesha mtoto. Akaniambia, "Mjukuu wangu, maji yanaingia juu yanatoka chini. Si tunamwongezea ugonjwa?"

Swali la bibi ni zuri, na wengi wanalo. Jibu lake ni hili. Maji yanayotoka siyo yale uliyompa tu. Kila siku utumbo wa mtu mzima hupokea karibu lita 9 za maji. Kati ya hizo, tulizokunywa na kula ni kama lita 2. Nyingine zote ni mate, maji ya tumbo, nyongo na maji mengine ya mwili wenyewe. Mtu akiwa mzima, karibu yote hufyonzwa tena. Akiharisha, hayafyonzwi vya kutosha. Basi ukimnyima mtoto maji, kuhara hakukauki. Anayekauka ni mtoto.

Virusi vya rota, ambavyo huharisha watoto wengi, hushambulia ncha za vile vidole. Vidole huwa vifupi kama vishina. Lakini chini yake yapo mashimo madogo ambamo chembe mpya huzaliwa. Chembe hizo hupanda juu, na katika siku 3 hadi 5 ngozi ya ndani hubadilika yote. Utumbo unajijenga wenyewe, lakini unataka chakula. Fundi hajengi bila matofali. Kwa hiyo mtoto aendelee kunyonya. Kama ameanza kula, apewe uji na chakula laini, kidogo kidogo, mara nyingi. Akipona, mwongezee mlo mmoja kila siku kwa wiki mbili.

Kuna jambo la ajabu kidogo. Hata utumbo ukiwa mgonjwa, chumvi na sukari zikifika pamoja hupita kwenye mlango mmoja na kuingia mwilini, na maji huzifuata. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi huko Bangaon, India, kipindupindu kilipozuka, maji ya dripu yaliisha. Daktari Dilip Mahalanabis akawanywesha wagonjwa maji yenye chumvi na sukari. Wengi mno walipona.

Zahanati utapata pakiti za ORS. Ukiwa mbali, chukua lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Tia vijiko vidogo 6 vya sukari, visijae kupita ukingo, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Koroga, uonje. Yasizidi machozi kwa chumvi. Chumvi ikizidi ni hatari, mwaga uanze upya. Kila akiharisha, mtoto wa chini ya miaka 2 anywe robo hadi nusu kikombe, kwa kijiko. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha endelea polepole. Yakifika saa 24, yamwage.

Hata hivyo mlete zahanati upate vidonge vya zinki. Hupewa kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma. Usingoje ukiona damu kwenye choo, macho yameingia ndani, analia bila machozi, amelegea au hawezi kunywa. Mtazame na ulimi wake. Ukiwa mkavu, anza kumnywesha hapo hapo, na uendelee kumnywesha njiani.