Mkono Mmoja, Vitufe Vyenye Taa

Mwezi huu sisemi habari za kununiana kwa sababu ya simu. Nazungumzia kibodi. Usicheke! Hapa kwetu Magomeni, Kilosa, kibodi nusura ituvurugie nyumba.

Baba watoto alipata ajali ya bodaboda, mkono wa kushoto ukabaki hauna nguvu. Kazi yake ni kuchapa mikataba ya mashamba na barua za watu. Sasa niambie, Shift na herufi iliyo mbali nayo utavibonyezaje pamoja kwa mkono mmoja? Nikijitolea kumshikia, ananuna. Mwanaume hataki kushikiwa kitufe na mkewe, na kusema kweli namwelewa.

Windows ina dawa ya bure: bonyeza Shift mara tano mfululizo, itakuuliza kama unataka vitufe vibaki vimeshika. Ukikubali, unagusa Shift, unaachia, ndipo unagusa herufi. Safi, ila yeye macho yako kwenye karatasi na vidole, hajui kipi kimeshika. Ctrl ikiwa imeshika bila yeye kujua, akigusa w tu, ukurasa unajifunga. Hapo chai hainyweki.

Taa ya Caps Lock si jambo jipya. Kibodi ya IBM PC/AT ya mwaka 1984 ilikuwa nayo. Shift, Ctrl na Alt kwenye kibodi nyingi zimeachwa gizani. Zile za kupanga mwenyewe, zinazotumia programu huria ya QMK, zinakuruhusu kuwasha taa chini ya kitufe chenyewe. Mdogo wake alimletea moja, wakakaa nayo jioni mbili. Shift ikishika inawaka kijani, Ctrl nyekundu, Alt bluu. Herufi ikiingia, taa inazimika.

Fundi wako ajue hili: QMK inahesabu kitufe kilichoshikiliwa mbali na kile kilichoguswa kikasubiri herufi. Taa ikisoma kimoja tu, itakudanganya. Raha nyingine, mpangilio unakaa ndani ya kibodi yenyewe, kwa hiyo anaihamishia kompyuta yoyote bila kuanza upya.

Siku hizi anachapa peke yake hadi usiku. Mwanga ameupunguza, maana chumba ni kimoja, na mtoto akiziona rangi zile halali tena.