Mfuko ulinivujia ndani ya basi!

Asikwambie mtu, aibu ni kitu kibaya! Siku hiyo nimepanda basi pale Masasi, shati limepigwa pasi, manukato kibao, naenda Mtwara kwa kina mchumba. Hata Ndanda hatujafika, nikasikia unyevunyevu kiunoni. Abiria wa pembeni akafungua dirisha, akaniangalia, akanyamaza. Nikajua mambo yameharibika.

Mpenzi msomaji, mimi natembea na stoma. Utumbo wangu ulijisokota, madaktari wakakata kipande na kunifungulia tundu tumboni. Haja kubwa inatokea hapo na kuingia kwenye mfuko. Miezi miwili ngozi ilikuwa inawaka kama imeguswa na mafuta ya ganda la korosho, na sisi watu wa Masasi tunaujua moto ule! Lakini kliniki siendi, naona haya. Kwa watu sili. Mchumba namwambia nina vidonda vya tumbo.

Basi bwana, nikateremka Ndanda, hospitali ya misheni. Nesi mmoja mtu mzima akaniangalia, wala hakuziba pua.

"Mwanangu, mfuko unaukata kwa kipimo gani?"

"Kile kile cha siku ya operesheni, mama."

Akacheka. Kumbe stoma mwanzoni huwa imevimba, kisha husinyaa ndani ya wiki 6 hadi 8! Mimi naendelea kukata duara kubwa, haja inagusa ngozi, ngozi inachubuka, mfuko haushiki. Akapima upya, akaosha kwa maji matupu, akakausha, akabandika. Akanionya: stoma ikiwa nyekundu kama ndani ya mdomo, ni nzima. Ikigeuka zambarau au nyeusi, au haitoi kitu huku tumbo linajaa na unatapika, kimbilia hospitali saa hiyo hiyo.

Na mifuko hii yenyewe ilizaliwa na aibu kama yangu. Mwaka 1954 nesi wa Denmark, Elise Sørensen, alibuni mfuko wa kubandika kwa ajili ya dada yake, aliyekuwa anaogopa kutoka nje.

Jioni nikampigia mchumba, nikamweleza yote. Kimya. Halafu akasema, "Kumbe ndiyo maana ulikuwa unaukimbia ugali wa mama!"

Jumapili nilikula ugali wa muhogo kwa mama mkwe mtarajiwa, natafuna taratibu. Nikaongeza.