Pete ya malashiti: jiwe kubwa linataka ukuta wa chuma, makucha hayatoshi

KABONGO, Haut-Lomami – Malashiti, lile jiwe la kijani lenye mistari linalotoka kwenye migodi ya shaba ya upande wa Kolwezi, Likasi na Lubumbashi, linavutia macho ya wengi wanaotafuta pete ya uchumba. Wengi hupenda jiwe kubwa, linaloonekana toka mbali. Lakini jiwe hilo ni laini, na likiwekwa vibaya kwenye pete linaweza kuharibika kabla ndoa haijafika mwaka.

Mwaka 1812, mtaalamu wa madini Friedrich Mohs alipanga mawe kwa ngazi, toka 1 mpaka 10, kufuatana na lipi linakwaruza lingine. Almasi iko kwenye 10. Malashiti iko kati ya 3.5 na 4. Kucha ya mtu ni karibu 2.5, kisu cha kawaida ni karibu 5.5, na kwazi, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mchanga, ni 7. Maana yake ni kwamba vumbi la barabarani wakati wa kiangazi ni gumu kuliko jiwe lenyewe. Mwenye pete akiifuta kavu kwa pindo la kikwembe ili ing'ae, anaipiga msasa bila kujua.

Kwa mkaaji wa Kabongo jambo hili lina uzito wake. Mji uko zaidi ya kilomita 150 kaskazini mwa Kamina, na Lubumbashi iko mbali zaidi. Kurudisha pete kwa fundi aliyeitengeneza ni safari inayoweza kula siku nyingi na nauli inayokaribia bei ya pete yenyewe. Kazi inapaswa kuwa nzuri toka mara ya kwanza.

Mafundi wa vito wana njia mbili kubwa za kushika jiwe. Ya kwanza ni makucha: vijiti vinne au sita vya chuma vinavyokunjwa juu ya ukingo. Ndiyo tunayoiona kwenye picha za pete za almasi, na kwa almasi inafaa, maana makucha huacha mwanga uingie ndani ya jiwe. Malashiti haipitishi mwanga, kwa hiyo haipati faida hiyo. Inabaki na hasara tupu: kila kucha linakandamiza nukta moja, na pembeni mwa jiwe hakuna kinga yoyote. Pigo moja kwenye mlango wa gari, mkono wa pompe ya maji ama mchi wa kutwangia sombe, na ukingo unameguka. Mara nyingi ufa hufuata ile mistari, maana jiwe lilikua tabaka juu ya tabaka.

Njia ya pili ndiyo inayofaa hapa. Kwa Kifaransa mafundi wanaiita serti clos: utepe wa chuma unaozunguka jiwe lote kama ukuta wa nyumba, kisha mdomo wake unasukumwa kidogo juu ya ukingo. Pete ikigongwa, chuma ndicho kinapokea pigo. Chuma kinaweza kubonyea na kunyooshwa, lakini jiwe likimeguka limemeguka.

Hata ukuta una mambo yake. Utepe mnene mno unataka nguvu nyingi kuukunja, na nguvu hiyo inaweza kupasua jiwe mikononi mwa fundi. Fedha safi na dhahabu ya karati nyingi hukunjika kwa urahisi. Chuma kisichoshika kutu ni kigumu mno kwa kazi hii. Fundi mzuri hasukumi upande mmoja mpaka amalize. Anakaza kidogo mbele, kidogo nyuma, kulia, kushoto, sawa na mtu anayekaza bulo za gurudumu. Tena anaweka jiwe mwisho kabisa, baada ya kuunganisha vyuma kwa moto, kwa sababu malashiti ikipata joto kali hugeuka nyeusi na haiwezi kurudi. Ndiyo maana pete ikibana kidole, asipewe fundi yeyote anayetaka kuipanua kwa moto bila kutoa jiwe kwanza.

Umbo nalo linasaidia. Jiwe la mviringo ama la yai, lenye mgongo uliopinda kidogo, halina pembe za kumeguka kama la mraba. Likae chini, karibu na kidole, na sehemu yake ya nyuma ifungwe kwa bamba ili jasho na sabuni visiingie. Kikuku cha pete kiwe kipana; kikiwa chembamba, jiwe kubwa linageuka na kuelekea kiganjani, mahali penye kazi zote.

Wengine huuliza kwa nini ukuta usiwe wa shaba, kwa kuwa malashiti ni shaba ambayo bado haijapita motoni. Wazo lina mizizi hapa kwetu. Kwenye makaburi ya kale ya Sanga, kando ya ziwa Kisale katika jimbo hili la Haut-Lomami, wachimbaji wa historia walikuta mwaka 1957 na 1958 vito na misalaba midogo ya shaba. Shaba inakunjika vizuri, ni kweli. Ila kwenye pete ya kila siku inaacha alama ya kijani kwenye ngozi, na mke mpya hatafurahi nayo.

Anayeagiza pete akiwa mbali atume ujumbe ulio wazi: ukuta mzima, mgongo uliofungwa, jiwe lisipande juu, na picha ya ubavuni kabla ya kulipa salio. Picha ya juu peke yake haionyeshi kitu.

Nyumbani, pete ivuliwe kabla ya kutwanga, kufua na kupika. Ndimu na siki hula malashiti, na hata tone linaloachwa juu yake linaacha doa. Javeli na dawa zingine kali zikae mbali. Kuosha ni kwa maji ya vuguvugu, sabuni kidogo na kitambaa laini kilicholowa.

Jiwe lililofifia linaweza kung'arishwa tena, lakini vumbi lake ni sumu kuvuta, hivyo kazi hiyo inafanyika kwa maji na barakoa. Kila mara jiwe linapungua kidogo, na kwanza ukuta unapaswa kufunguliwa. Ukuta uliofunguliwa na kufungwa mara nyingi huchoka na kupasuka, ndipo fundi anaanza utepe mpya.