Kati ya Joginder na Ogier, mwamuzi ni barabara

Mwaka 1968 magari 93 yaliingia katika mashindano ya East African Safari. Baada ya takriban kilomita 5,000 za tope, mito iliyojaa na usiku wa kukesha, yaliyofika mwisho yalikuwa saba. Mwaka 2023 Sébastien Ogier wa Ufaransa alishinda Safari Rally pale Naivasha, Kenya, akimwacha kijana wa Finland, Kalle Rovanperä, kwa sekunde 6.7. Mashindano ni yale yale, lakini kazi waliyopewa madereva hawa ni mbili tofauti kabisa.

Ndiyo maana swali la nani mkali zaidi, dereva wa zamani au wa sasa, haliishi vijiweni. Mzee atakutajia Joginder Singh na Shekhar Mehta, na atasema hawa wa leo wanabebwa na kompyuta. Kijana atakuonyesha kwenye simu gari la Rovanperä likipaa juu ya tuta, na atauliza ni yupi kati ya wale wazee angethubutu kwenda kwa kasi ile. Kila mmoja ana hoja, na kila mmoja anapima kwa kipimo cha zama zake.

Nimeupima ubishi huu nikiwa na Majimoto akilini, mji wa chemchemi za maji moto na mashamba ya mpunga katika Halmashauri ya Mpimbwe, mkoani Katavi. Hapo dereva bado anapimwa kwa namna zote mbili. Akiwa kwenye lami, anaulizwa amefika saa ngapi. Akiwa kwenye barabara ya udongo ya kuelekea Inyonga wakati wa masika, anaulizwa kama amefika.

Walioshindana na nchi nzima

Safari ilianza mwaka 1953, kwa jina la Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza. Ilizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Hakukuwa na barabara iliyofungwa kwa ajili ya mashindano. Dereva alipewa muda wa kutoka kituo kimoja cha ukaguzi hadi kingine, na kila dakika aliyochelewa iliandikwa kuwa adhabu. Aliyemaliza akiwa na adhabu chache ndiye mshindi. Njiani alikutana na mabasi, ng'ombe, baiskeli, punda na twiga, mchana na usiku, na kwa kuwa mashindano yaliwekwa wakati wa Pasaka, mvua za masika zilikuwa sehemu ya mtihani.

Kwa upande wa Tanzania, njia ya Mbulu ilijipatia sifa ya kuvunja magari na mioyo ya watu. Mvua ikinyesha, udongo wake ulimeza tairi zote nne. Aliyekwama hakuwa na timu ya kuita kwa redio. Alishuka na msoma ramani wake, wakachimba, wakakata matawi, wakaomba nguvu za wanakijiji. Wapo wananchi wa Afrika Mashariki ambao mchango wao katika historia ya Safari haukuandikwa popote, nao ni kusukuma magari ya mabingwa kutoka kwenye tope.

Katika mazingira hayo dereva bora alikuwa yule aliyelijua gari kama fundi. Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho mwaka 1932, alikulia kwenye kazi ya ufundi katika gereji ya baba yake. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walishinda kwa Volvo PV544, gari ambalo lilikwisha kutumika kwenye Safari ya mwaka uliotangulia. Alishinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Lakini mimi naona ukuu wake zaidi katika miaka miwili ambayo hakushinda. Mwaka 1963 magari 84 yaliingia na saba yakamaliza. Mwaka 1968, kama nilivyosema, saba tena. Joginder alikuwemo kati ya waliomaliza mara zote mbili. Nick Nowicki, aliyeshinda miaka yote hiyo miwili kwa Peugeot 404, naye alikuwa mtu wa aina hiyo, mwenye mkono mwepesi kwenye usukani na sikio lililo macho kwa kila mlio mpya chini ya gari.

Tanzania nayo ilikuwa na mtu wake. Bert Shankland, aliyekuwa akiishi nchini, alishinda mfululizo mwaka 1966 na 1967 akiwa na msoma ramani Chris Rothwell, kwa Peugeot 404. Kwa msomaji wa leo anayedhani mashindano haya ni mali ya Kenya peke yake, jina hilo linastahili kukumbukwa.

Kisha alikuja Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, ambaye familia yake iliondoka huko wakati Idi Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972. Mwaka uliofuata, Safari ilipoingizwa kwenye Mashindano ya Dunia, yeye na Harry Källström wa Sweden walimaliza wakiwa na adhabu sawasawa, na ushindi akapewa Mehta. Halafu akashinda mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982. Ushindi wake huo wa mara tano haujafikiwa na dereva yeyote hadi leo.

Wanaoshindana na sekunde

Kufikia katikati ya miaka ya 1970 njia za Tanzania na Uganda zilikuwa zimeachwa, na mashindano yakabaki ndani ya Kenya. Katika miaka ya 1980 na 1990 timu za viwanda zilileta helikopta zilizoruka mbele ya gari kumtahadharisha dereva kuhusu mifugo na mabasi. Baada ya mwaka 2002 Safari ikatolewa kwenye kalenda ya dunia. Iliporudi mwaka 2021, ilikuwa imebadilika sura.

Leo kuna hatua maalumu, zinazofungwa kabisa, zenye jumla ya kilomita 350 hivi. Dereva huzipita kwanza kwa mwendo mdogo akiwa na msoma ramani, wakiandika kila kona, kila mwinuko na kila jiwe. Siku ya mashindano msoma ramani humsomea maandishi hayo neno kwa neno, naye huingia kwenye kona asiyoiona akiamini sauti iliyo pembeni yake. Jioni gari hurudi Naivasha, mafundi hulifungua na kubadilisha vipuri kwa muda uliopangwa, na dereva hulala kitandani.

Mzee wa kijiweni atasema hiyo ni starehe. Hapo ndipo ninapomkatalia. Mtu anayejua kwamba wapinzani wake wamelala vizuri kama yeye, wana magari yenye nguvu kama lake na wameandika kona zile zile, hana mahali pa kujificha. Kosa la kufunga breki mapema kidogo, likirudiwa kona mia moja, linampokonya ushindi. Dereva wa zamani aliweza kupoteza nusu saa kwenye tope la Mbulu na bado akashinda, kwa kuwa wenzake nao walikuwa wamezama. Ogier, bingwa wa dunia mara tisa, mwaka 2023 hakuwa na nafasi ya kupoteza hata sekunde saba katika siku zote za mashindano.

Umri nao unaonyesha tofauti hiyo. Björn Waldegård wa Sweden alishinda Safari ya mwaka 1990 akiwa na miaka 46, na kwa zaidi ya miaka 30 hakuna mtu mzee kuliko yeye aliyeshinda mashindano ya ngazi ya dunia, hadi Sébastien Loeb alipoivunja rekodi hiyo mwaka 2022. Mwaka huo huo wa 2022 Rovanperä alishinda Safari akiwa na miaka 21. Njia ndefu ya zamani ilimlipa mtu aliyekusanya miaka ya kujua. Hatua fupi za sasa zinamlipa mwenye macho makali, mwili uliofunzwa tangu utotoni na akili isiyotikisika.

Mahali zama zinapokutana

Hata hivyo, kuna somo moja ambalo Safari imemfundisha kila mgeni, wa zamani na wa sasa. Kwa karibu miaka 20 ya mwanzo, madereva wa Ulaya walikuja na magari ya kiwanda wakarudi mikono mitupu. Hannu Mikkola wa Finland ndiye aliyekuwa mgeni wa kwanza kushinda, mwaka 1972, kwa Ford Escort. Waliomtangulia hawakukosa kasi. Walikosa kujua wakati wa kuiacha.

Mwaka 1993 kampuni ya Subaru ilileta gari dogo aina ya Vivio. Mmoja wa madereva wake alikuwa Colin McRae, kijana wa Scotland aliyekuwa na kasi ya kutisha, na mwingine alikuwa Patrick Njiru wa Kenya. McRae alikwenda mbio hadi gari likamshinda. Njiru alilibembeleza la kwake hadi mwisho na kuongoza daraja lake. McRae hakusahau. Alirudi akashinda Safari mwaka 1997, 1999 na 2002.

Wapo wanaosema hayo yalikwisha zamani. Waangalie mwaka 2021. Thierry Neuville wa Ubelgiji aliingia siku ya mwisho akiongoza kwa karibu dakika nzima, muda mrefu mno kwa viwango vya leo. Shokapu ya nyuma ikafa kwenye mawe ya hatua ya Loldia, na ushindi ukaenda kwa Ogier. Katika mashindano hayo hayo Rovanperä alinasa kwenye vumbi laini la hatua ya Kedong, akatoka nje ya mbio kwa siku hiyo. Mwaka mmoja baadaye alirudi pale pale akashinda. Kompyuta hazikuyaondoa mawe yale wala kulikaza vumbi lile. Kijana alijifunza, kama McRae alivyojifunza na kama Mikkola alivyojifunza.

Kwa hiyo nasema hivi: kipawa cha madereva wa zamani na wa sasa ni kimoja, ila kinapimwa kwa vipimo tofauti. Ningekuwa na kilomita 20 za kupita kwa kasi asubuhi moja, ningempa gari Rovanperä. Ningekuwa na gari la kupeleka Mbulu na kulirudisha zima, usiku, mvua ikinyesha, ningemwita Joginder. Anayesema mmoja wao angemgaragaza mwenzake katika kazi zote mbili anawavunjia heshima wote wawili.

Somo kwa barabara za Katavi

Suala hili halihusu mabingwa peke yao. Katavi nayo ina vizazi viwili vya madereva. Wapo waliovuka Hifadhi ya Katavi kwenda Mpanda wakati njia yote ilikuwa vumbi na mbuga, gari likizama tingo anashuka na sepetu, mbung'o wanamng'ata, na viboko wa Sitalike wako jirani. Walibeba jeki, minyororo, springi ya akiba na chakula cha siku mbili. Na wapo walioshika usukani baada ya lami kuanza kufika, ambao safari iliyokuwa ya kutwa wanaikata kwa saa chache.

Lami ni neema, na hakuna anayetamani kurudi kwenye tope. Mgonjwa anafika hospitali akiwa hai, na mchele wa Majimoto unafika sokoni kabla bei haijaporomoka. Lakini lami imeondoa mwalimu mkali. Zamani shimo lilimlazimisha dereva apunguze mwendo; leo anayepaswa kumlazimisha ni yeye mwenyewe. Hiyo ndiyo kazi ngumu ya dereva wa sasa, Naivasha na Majimoto pia: kuwa na kasi mkononi na kuamua kutoitumia yote. Wakongwe wa njia hizo wanayo maarifa ambayo hayapatikani katika chuo chochote cha udereva, na ni hasara kuwaacha waondoke nayo. Wamiliki wa mabasi na malori wangefanya jambo la maana kuwakalisha vijana wao pembeni ya wazee hao, angalau msimu mmoja wa masika, kabla ya kuwakabidhi abiria.

Kwa upande wa mashindano, Kenya imeonyesha njia. McRae Kimathi, aliyepewa jina la yule bingwa wa Scotland, Hamza Anwar na Jeremiah Wahome wamepelekwa kushindana katika ngazi ya vijana ya dunia. Mwaka 2022 Maxine Wahome alishinda WRC3, moja ya madaraja ya Mashindano ya Dunia, kwenye Safari, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo. Hawakuokotwa. Walitafutwa, wakafunzwa, wakapewa magari.

Tanzania haijapata mshindi mwingine wa Safari tangu Shankland mwaka 1967. Kwa muda mrefu tumedhani kinachokosekana ni fedha tu, maana mchezo huu ni ghali kweli. Fedha zinahitajika, lakini zinahitaji pia mahali pa kutazama. Watafutaji wa vipaji wanaoishia Dar es Salaam, Arusha na Moshi wanawaacha vijana waliojifunza kuendesha kwenye udongo wa bonde la Rukwa, wanaojua kwa kusikia tu kwamba rejeta inaanza kuchoka, wanaotofautisha tope linalopitika na tope linalomeza. Kasi ya kisasa inafundishika kwa mtu kama huyo, kama McRae alivyofundishwa subira. Mashirikisho ya mchezo huu yakija hadi Mpanda na Majimoto kuwatafuta, mshindi ajaye wa Safari kutoka Tanzania anaweza kuwa mtu anayezijua zama zote mbili kwa mikono yake.