Moshi wa Gari Kuukuu na Watoto wa Kiti cha Nyuma

Mwezi huu mtuvumilie, maana ukurasa wa afya unaanzia gereji.

Tulikuwa safarini kutoka Karatu kwenda mazishini upande wa Ngorongoro, watu kumi na mmoja ndani ya Land Rover kuukuu ya jirani, aliyoinunua miezi michache tu kabla. Ukungu ulikuwa umefunika msitu, baridi kali, na madirisha yote tumeyafunga. Lile la mlango wa nyuma pekee ndilo lililogoma kufunga. Tulipopita lango la Lodoare na kuanza kupanda, watoto waliokaa nyuma wakalala. Tulishukuru, maana walikuwa wametusumbua tangu Karatu. Kufika juu ukingoni, mama mmoja akasema kichwa kinamgonga. Mtoto wa miaka sita alipoamshwa alitapika, na miguu ikashindwa kumbeba.

Wengine wetu tulisema ni malaria, wengine tukalaumu kona za barabara. Lakini tuliokaa mbele hatukuwa na lolote, na wale wagonjwa walipokaa nje penye upepo kwa saa moja hivi, wakaanza kupata nafuu. Malaria haiponi kwa upepo. Siku ya pili fundi alilala chini ya gari akatuonyesha bomba la ekzosi lililoliwa na kutu kabla ya mafla, na juu yake tundu sakafuni, mahali palipotoka bolti. Moshi ulikuwa unaingia ndani kwa njia mbili: kwenye tundu lile, na kwa lile dirisha la nyuma, kwa sababu gari linapokwenda mbele hewa ya nyuma hujiviringa na kurudi ndani.

Katika moshi ule mna hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Harufu tunayoisikia ni ya vitu vingine vinavyotoka pamoja nayo, kwa hiyo kukosa harufu si usalama. Sumu hii hung'ang'ania chembe nyekundu za damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na damu huzunguka mwilini bila kubeba kile mwili unachokihitaji. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kuishiwa nguvu na usingizi mzito. Baadaye kuchanganyikiwa, kuzimia na kufa. Watoto huathirika upesi, na mimba iko hatarini hata kama mama mwenyewe anajiona mzima. Ni sumu ile ile ya jiko la mkaa linaloingizwa chumbani usiku wa baridi, jambo ambalo familia nyingi za huku juu tunalijua.

Kumbukeni pia mahali tunapoishi. Ukingo wa kreta uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na pale hewa imepungua kwa karibu robo ukilinganisha na pwani. Mwili una akiba ndogo ya oksijeni, na injini nayo vivyo hivyo. Gari la kabureta lililorekebishwa Dar es Salaam likifika huku linapata petroli nyingi kuliko hewa. Linatoa moshi mweusi na kaboni monoksidi nyingi zaidi. Ongeza vumbi jekundu la barabara za Endabash na Mang'ola linaloziba chujio la hewa, uone gari linavyopanda likikohoa. Basi kabla ya kumwaga fedha kwenye injini, fungueni chujio lile. Mara nyingi ugonjwa uko pale. Kwa gari la dizeli, moshi mweusi unaoendelea baada ya kusafisha chujio unaelekeza kwenye nozo au pampu. Nao si wa kudharau: mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyojulikana kuleta saratani kwa binadamu.

Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Hapa mteremko wa kushuka Mto wa Mbu ni kipimo kizuri kuliko maneno ya muuzaji. Gari likishuka bila kukanyagwa mafuta, kisha ukakanyaga pale chini likatoa wingu moja la buluu na kunyamaza, mara nyingi ni sili za valvu. Likitoa buluu muda wote linapopanda, ringi zimekwisha, na gharama yake ni kubwa.

Moshi mweupe asubuhi ya baridi usiwatishe; huo ni mvuke, hutoweka injini ikipata joto. Ukiendelea kutoka mzito, wenye harufu tamutamu, na maji ya rejeta yanapungua bila kuonekana yanakovuja, gasketi ya silinda hedi huenda imeungua. Moshi mweupe wa dizeli unaowasha macho ni mafuta ambayo hayakuungua.

Harufu ya yai viza nayo husikika kwenye magari ya petroli yaliyotoka Japani. Inatoka kwenye kile kichujio cha moshi ambacho mafundi hukiita masega, hasa injini inapochoma petroli kupita kiasi. Wengine hushawishiwa kuyatoa masega na kuyauza. Tunasema wazi kwamba hilo ni kosa, kwa kuwa masega ndiyo yanayopunguza ile sumu tuliyoieleza.

Petroli yenyewe ikinuka ndani ya gari, msizoee. Harufu ikizidi baada ya kujaza tangi, tazameni kifuniko, shingo ya tangi na mpira unaopeleka mafuta. Mipira hupasuka kwa uzee, na tangi hutobolewa na mawe. Kwanza kuna hatari ya moto, kwa hiyo pasiwe na sigara wala kiberiti. Pili, petroli ina benzini, inayoharibu damu na kuleta saratani ya damu kwa wanaoivuta miaka mingi. Ile ya zamani ilikuwa na risasi pia, lakini nchi zetu za kusini mwa Sahara ziliiacha kufikia mwanzoni mwa 2006.

Vijana wanaonyonya petroli kwa mpira na mdomo watusikilize. Tone likipotea njia likaingia mapafuni huleta homa ya mapafu mbaya. Aliyemeza, au mtoto aliyekunywa kutoka chupa ya soda iliyowekwa mafuta, asitapishwe wala asipewe maziwa. Akikohoa au akihema kwa shida, apelekwe hospitali mara moja.

Kwa wanaotaka kununua gari, mwambieni muuzaji asiliwashe kabla ninyi hamjafika. Injini iliyokwisha pata joto huficha mengi. Chukueni fundi wenu, si wa kwake. Gari likiwa nje mahali pa wazi, mtu mmoja azibe mdomo wa ekzosi kidogo kwa kitambaa kizito, mwingine asikilize chini: penye tundu patalia "sss". Kisha inueni mazulia mtazame sakafu, na kagueni raba za mlango wa nyuma. Tumeona watu wakikagua redio na rangi kwa nusu saa, sakafu wasiiguse.

Na ikitokea kama ilivyotutokea, zimeni injini, fungueni milango, mtoeni mgonjwa nje. Aliyezimia alazwe ubavu na kukimbizwa hospitali. Mjamzito aende hata kama anajisikia vizuri. Mwambieni daktari waziwazi kwamba alikuwa ndani ya gari lenye moshi, kwa sababu kile kifaa cha kubana kidoleni kinaweza kuonyesha oksijeni ya kutosha wakati damu imebeba sumu. Akivuta hewa ya kawaida, nusu tu ya sumu hutoka kwa saa nne au tano. Akipewa oksijeni hospitalini, nusu hiyo hutoka kwa saa moja na kitu.