Miguu inakataa: mtu mzima anajifunzaje kutembea juu ya boriti bila hofu ya kuanguka?

Kuna mchezo mmoja wa Olimpiki ambao sisi wa vijijini tunaucheza kila masika bila kupewa medali. Mvua za Desemba zikishika na kijito kikajaa, njia ya kwenda shambani inabaki gogo moja lililolazwa kutoka ukingo huu hadi ule. Gome limeshatoka, mti umelowa, unateleza kama sabuni. Wewe una jembe begani, pengine na debe kichwani, na nyuma yako yupo mtu anayesema, "Pita basi, tunachelewa."

Wachezaji wa jimnastiki, yaani ule mchezo wa viungo unaofanana na sarakasi, nao wana gogo lao. Wanaliita boriti. Lina urefu wa mita 5 na upana wa sentimita 10 tu, karibu sawa na kiganja cha mtu mzima, na limeinuliwa mita 1.25 kutoka chini. Juu yake mwanamke anatembea, anaruka, anazunguka na kupinduka kwa muda usiozidi dakika moja na nusu. Akianguka, anakatwa alama moja nzima, kisha anapewa sekunde 10 za kupanda tena na kuendelea.

Hizo sekunde 10 nimezifikiria sana kwa sababu ya shangazi yangu. Mwaka juzi aliteleza kwenye gogo kama hilo akaangukia ukingoni, mkono ukavimba karibu mwezi mzima. Mkono ulipona, lakini gogoni hakurudi. Bustani yake ya ng'ambo sasa inalimwa na kijana wa kulipwa. Ukimwuliza anakujibu, "Mwanangu, moyo unataka, miguu inakataa." Baadaye akaacha kwenda gulioni kwa miguu, akaacha na kupanda kilima cha kwenda kanisani. Mwaka jana akaanguka tena, safari hii ndani ya ua wake, mahali pakavu kabisa, mchana.

Watu walisema ni uzee. Mimi nasema uzee umesingiziwa kidogo. Wataalamu wa afya wanaijua hali hii: mtu akianguka mara moja huingiwa na hofu, hofu humfanya apunguze kutembea, misuli ya mapaja na ya vifundo vya miguu hulegea kwa kukosa kazi, na misuli ikilegea anaanguka tena kwa urahisi zaidi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu ya kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama zetu. Wanaoumia sana ni wazee.

Sasa, mwili unajuaje kusimama wima? Unatumia mashahidi watatu. Wa kwanza ni macho. Wa pili yumo ndani ya sikio, kule ndani kabisa, ambako kuna vimfereji vyenye majimaji yanayocheza kila unapogeuza au kuinamisha kichwa. Wa tatu ni nyayo, misuli na viungo, ambavyo hupeleka taarifa kwenye ubongo kwamba sasa umeegemea kisigino, sasa umeegemea upande wa kidole gumba. Ubongo unasikiliza wote watatu kwa pamoja na kurekebisha mwili kabla hujajua kama umeyumba. Jaribu jambo hili sasa hivi, ukiwa karibu na ukuta: simama kwa mguu mmoja, kisha fumba macho. Utayumba mara moja, kwa sababu umemnyamazisha shahidi mmoja.

Hofu inawavuruga mashahidi hawa. Mtu anayeogopa hukaza mwili mzima kama mti mkavu, hubana pumzi, hupiga hatua fupifupi na kukodolea macho miguu yake. Kila kimoja kati ya hivyo kinamharibia. Mwili uliokazwa hauwezi kujirekebisha kidogokidogo. Ukiyumba, unayumba wote. Macho yakiangalia chini kwenye maji yanayokimbia, ubongo unadanganyika kwamba ni wewe unayekwenda pembeni. Halafu kuna hili: kazi ambayo miguu iliizoea tangu utotoni sasa inaanza kusimamiwa hatua kwa hatua na akili. Ni kama mpishi mzoefu wa ugali anayeanza kuhesabu kila mzunguko wa mwiko. Atauchoma.

Ndiyo maana walimu wa boriti humwambia mwanafunzi aangalie mwisho wa boriti, asiangalie miguu. Mama anayetoka kisimani na ndoo kichwani anaijua siri hii bila kufundishwa: shingo imenyooka, macho mbele, na kiuno ndicho kinachofanya kazi ya kusawazisha. Watanzania wawili wameifikisha siri hiyo mbali. Ni Fadhili na Ibrahim, wanaojulikana kama Ramadhani Brothers. Mmoja husimama kichwa chini miguu juu, utosi wake ukiwa juu ya utosi wa mwenzake, bila kushikana mikono, huku aliye chini akipanda ngazi. Februari 2024 walishinda shindano la America's Got Talent: Fantasy League huko Marekani. Ni watu wazima, wala hawana mifupa ya ajabu. Wana mazoezi ya miaka mingi.

Lakini msikilizaji anaweza kusema hao walianza zamani, mtu wa miaka 40 au 50 aanzie wapi? Swali ni zuri, na jibu la kweli ni kwamba hofu ya mtu mzima ina akili ndani yake. Mtoto ni mwepesi na yuko karibu na ardhi. Akianguka anajipangusa vumbi. Mtu mzima ana kilo 60 au 70, mfupa wake unachelewa kuunga, na ana watoto wanaosubiri chakula chake. Wanawake waliokwisha kukoma hedhi mifupa yao huwa dhaifu zaidi. Kwa hiyo usimcheke mtu anayeogopa wala usimsukume. Kumsukuma mtu mwenye hofu juu ya gogo ni kumfundisha kwamba alikuwa na haki ya kuogopa.

Hata hivyo umri peke yake haufungi mlango. Ágnes Keleti wa Hungaria alikosa miaka yake ya ujana kimichezo kwa sababu ya Vita Kuu ya Pili, ambayo ilifuta Michezo ya Olimpiki ya 1940 na 1944. Alishiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza mwaka 1952 akiwa na miaka 31, umri ambao wengi katika mchezo huo wameshastaafu. Mwaka 1956, huko Melbourne, akiwa na miaka 35, alichukua medali ya dhahabu juu ya boriti hiyohiyo ya sentimita 10. Alifariki Januari 2025 akiwa na miaka 103.

Namna wanavyofundisha watu wazima wanaoanza ni rahisi kuliko tunavyofikiri, na haihitaji ukumbi. Wanaanza na mstari uliochorwa chini. Chora mstari kwa mkaa au majivu uani, hatua kumi hivi, tembea juu yake kisigino kikigusa vidole, macho mbele. Mtu anacheka: kuna faida gani, siwezi kuanguka? Faida ni hiyohiyo. Ubongo unajifunza njia ukiwa umetulia, maana ukiwa na hofu haujifunzi kitu isipokuwa hofu. Ukiweza mara nyingi bila kuyumba, weka ubao chini. Ubao ukizoeleka, lete gogo nene lililochongwa juu, lilazwe palepale chini na kuwekewa kabari pande zote lisibingirike. Hapo ndipo watu wengi huwa na haraka, nami naomba wasiwe nayo. Kaa na gogo la chini hata mwezi. Likiwa halikusumbui tena, liinue kimo cha tofali moja, na pembeni mwaga nyasi kavu au pumba za mpunga kwa wingi. Kimo kinapanda pale tu moyo unapokuwa umechoshwa na kimo kilichopita.

Sambamba na hapo miguu ipewe nguvu. Kuinuka kwenye kigoda bila kushika kitu, mara kumi. Kusimama kwa vidole ukishika ukuta. Kusimama kwa mguu mmoja ukisubiri maji yachemke. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya usawa na nguvu siku tatu au zaidi kwa wiki. Na kama kuna ngoma kijijini, kucheza lizombe nako kunahesabika, kwa kuwa uzito wa mwili unahama kutoka mguu huu kwenda ule muda wote.

Kuna somo jingine ambalo sisi hatulifundishi kabisa, nalo ni kuanguka kwenyewe. Kwenye jimnastiki, mwanafunzi hufundishwa kushuka vizuri kabla ya kufundishwa kupanda. Akihisi usawa umeshaondoka, hapigani nao hadi mwisho. Anachagua upande na kuruka mwenyewe, atue kwa miguu miwili, magoti yakiwa yamekunjwa. Kama ameshapoteza miguu, anakunja kidevu kwenye kifua ili kisogo kisipige chini, na anajibingirisha kwa bega na mgongo. Kosa kubwa la wengi wetu ni kunyoosha mkono na kuukaza ili kujizuia. Uzito wote unaishia kwenye kiwiliko cha mkono, na hapo mfupa unavunjika. Vijana wanaweza kuzoea kubingirika kwenye majani laini. Kwa mzee inatosha ajue kushuka gogoni mapema, wakati bado ana uchaguzi, na kukunja magoti.

Ukianguka kweli, zile sekunde 10 zisikuharakishe. Kaa kwanza, jikague. Kama mguu haubebi uzito, kiungo kimepinda, au kichwa kimegongwa na kuna kutapika au usingizi usio wa kawaida, usikubali kuvutwavutwa na kukandwa. Nenda kituo cha afya, au Hospitali ya Peramiho, ambayo kwa watu wa Maposeni ipo jirani. Na kama unaanguka bila sababu, hasa ukiinuka kitandani, mweleze mganga dawa unazotumia, maana baadhi ya dawa, zikiwemo za shinikizo la damu, huleta kizunguzungu.

Lakini kama hujaumia, rudi. Si lazima urudi palepale juu; rudi hatua moja nyuma, kwenye kimo unachokiweza, siku hiyohiyo au kesho yake. Simone Biles wa Marekani, mmoja wa wachezaji wakubwa kabisa wa mchezo huu, alijitoa katika mashindano kadhaa ya Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021 kwa sababu akiwa hewani hakujua tena mwili wake uko upande gani. Wako waliomwita mwoga. Siku chache baadaye alirudi kwenye boriti, akabadilisha namna ya kushuka, akaondoa kule kujizungusha kulikokuwa kunamtisha, akaweka mruko mwepesi zaidi kwake. Akapata medali ya shaba. Mwaka 2024 huko Paris alianguka kwenye fainali ya boriti na kumaliza wa tano, na mchezo uliofuata siku ileile akapata fedha.

Niseme na hili waziwazi, lisije likachukuliwa vibaya. Mazoezi hayageuzi gogo bovu kuwa daraja. Boriti ya Olimpiki imezungukwa na magodoro manene. Gogo letu limezungukwa na mawe. Magogo mawili yaliyofungwa pamoja ni bora kuliko moja, na kamba au mti wa kushika pembeni unamaliza nusu ya hofu. Hiyo ni kazi ya siku moja kwa watu wachache wenye mashoka, na ni jambo la kupeleka kwenye mkutano wa kijiji kabla mvua hazijaanza. Maji yakishapita juu ya gogo, hapo hakuna ustadi. Subiri, au zunguka hata kama ni mbali.

Shangazi tulimchorea mstari wa majivu mwezi wa sita, baada ya kuvuna mahindi. Siku ya kwanza alikataa mbele ya wajukuu, akaja kuutembea jioni peke yake. Sasa yupo kwenye gogo la chini, uani, mkono mmoja ukigusa kamba ya kuanikia nguo. Juzi nilipompigia simu kumwamkia, baada ya marahaba aliniuliza kama nadhani anaweza kuiachia ile kamba. Nikamwambia hilo aulize miguu yake. Akasema ameshaiuliza, imemwambia asubiri hadi Jumamosi.