Kiuno cha Askari na Kiti cha Baiskeli

Askari ashukaye katika baiskeli yake, akashika kiuno kwa mikono miwili na kutembea hatua kumi za kwanza ameinama, amekuwa kichekesho cha kambini kwa miaka mingi. Sisi nasi tumecheka. Leo twaomba kicheko hicho kikome, kwa sababu mtu huyo ndiye atakayeshika lindo usiku, na kiuno kisichokunjuka hakiwezi kumfukuza mwizi.

Maumivu haya si ya wavivu. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti juu ya waendesha baiskeli 109 wa mashindano, watu ambao kazi yao ni baiskeli tu. Zaidi ya nusu yao walikuwa wameumwa na kiuno katika miezi 12 iliyotangulia. Ikiwa mabingwa huumwa, askari aendeshaye baiskeli nzito isiyo na gia katika milima ya Kabale hana sababu ya kuona haya.

Je, chanzo chake ni nini? Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mara nyingi baiskeli yenyewe haikupimwa kwa mwili wa mwendeshaji. Kiti kikiwa juu mno, nyonga huyumba kulia na kushoto kila pedali ikanyagwapo, na misuli ya kiuno huchoka kwa kuuzuia mwyumbo huo. Usukani ukiwa mbali au chini mno, mgongo hupindika kama upinde, na misuli yake hubaki imevutwa safari nzima bila kupumzika. Baiskeli ya kuazimana, iendeshwayo leo na mtu mrefu na kesho na mfupi, haiwezi kuwafaa wote wawili bila kurekebishwa.

Basi dawa ya kwanza ni spana. Mwenzako akishika baiskeli, keti juu ya kiti na uweke kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu na unyooke bila nyonga kuinama upande. Kisha kanyaga kwa sehemu pana ya wayo iliyo nyuma ya vidole, nawe utaona goti limekunjika kidogo. Hicho ndicho kipimo. Usukani uwe karibu kiasi cha viwiko kulegea. Pua ya kiti nayo isiinuke: utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 1999 ulionyesha kuwa iliposhushwa kidogo, zaidi ya 70 katika kila wagonjwa 100 walipata nafuu.

Dawa ya pili ni mazoezi. Jiegemeze kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka kama ubao. Kisha lala chali, kunja magoti na uinue nyonga. Misuli ya tumbo na makalio ikiwa imara, kiuno hakibebi mzigo peke yake. Na mzigo wenyewe ufungwe kwenye keria, usibebwe mgongoni. Aliyezoea kilomita 5 asirukie 40 kwa siku moja.

Maumivu yakianza, punguza safari lakini usilale kitandani siku nyingi. Kutembea kwasaidia, na wengi hupona katika majuma machache. Lakini mguu ukilegea, sehemu za siri zikifa ganzi, au mkojo ukizuilika au kutoka wenyewe, hiyo ni hatari kubwa. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwani kuchelewa kwaweza kuleta ulemavu wa maisha.

Nanyi makamanda, askari asemaye kiuno chamuuma asiitwe mtegaji kabla ya kupimwa. Kuficha maumivu si ushujaa. Ni kuwadanganya wenzako wakutegemeao.

Hakuna askari atokaye kwenda doria bila kukagua bunduki yake. Na aikague vivyo hivyo baiskeli yake.